Maswali na Majibu: Mgawanyiko Una Mwenyewe

Tangu niandike hapa kwamba neno "mgawanyiko" limefanywa tambara la deki, la kufutia kila kilichomwagika, barua hazijakoma. Nusu zinaniunga mkono, nusu zinaniambia nipumzike, uzee umenifika. Nimechambua zile zenye swali ndani yake. Walioniandikia kuhusu wingi wa "uso" na asili ya neno "dada" wasubiri zamu yao. Leo ni siku ya watu wasiokaa pamoja.

Shikamoo mwalimu. Naomba kujua maana ya neno utengano. (Mwanafunzi, Kitui)

Marahaba, mwanangu. Ni hali ya kutokuwa pamoja, kinyume cha umoja. Kamusi ya maktaba ya shule yenu ingekujibu kwa nusu dakika, tena ingekuonyesha maneno jirani yake, ambayo ndiyo hasa uliyoyahitaji.

Mwalimu nisaidie insha ya "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu". Inakusanywa kesho asubuhi. (Hakutaja alipo, na ni wa nne wiki hii)

Sikusaidii. Nakuonya tu: usianze na "Methali hii ilisemwa na wahenga wetu ikiwa na maana kwamba". Msahihishaji ameisoma sentensi hiyo tangu alfajiri na chai yake imepoa. Anza na watu wawili waliogombania kitu.

Utengano, mfarakano, mgawanyiko. Mhariri wangu anasema yote ni yaleyale, nichague lenye herufi chache ili kichwa cha habari kienee. (Mwandishi wa habari, Dodoma)

Hili ndilo swali. Ningekuwa na uwezo ningelibandika ukutani katika kila chumba cha habari.

Anzia kwenye kitenzi, maana nomino hizi ni watoto wa vitenzi. Kutenga ni kuweka kando. Si tendo baya: mama ametenga chakula, Bunge limetenga fedha za barabara, daktari amemtenga mgonjwa wa kipindupindu. Kote humo kuna mkono unaoonekana. Ukiongeza -ana unapata kutengana: wawili, kila mmoja na upande wake. Utengano ni hali inayobaki baada ya hapo, na haudai hasira. Mwalimu aliyehamishiwa Mtwara akamwacha mkewe Kigoma anaishi katika utengano, na kila jioni wanapigiana simu wanacheka.

Mfarakano una uchungu. Shina lake ni la Kiarabu, f-r-q, la kutenganisha na kupambanua, na kwetu hufarakana wale tu waliokuwa wamoja. Ndugu hufarakana, waumini hufarakana, washirika wa biashara hufarakana siku ya kugawana faida. Jirani ambaye hamjawahi kusalimiana huwezi kufarakana naye; mlifarakana kutoka wapi? Msikitini shina hilo limo katika sura ya Aal Imran, aya ya 103, waumini wanapoamrishwa kushika kamba ya Mungu wote pamoja "wala tafarraqu", yaani wala msifarakane. Kanisani limo katika Biblia ya Kiswahili, Paulo anapowasihi Wakorintho kwamba "pasiwe kwenu faraka". Huku na huku wanaoonywa ni watu wa nyumba moja. Kwa hiyo nikisoma "mfarakano kati ya mgambo na wamachinga" naweka gazeti chini. Zilikuwa purukushani, bwana. Mgambo na machinga waliwahi kuwa wamoja lini?

Sasa mgawanyiko. Itazame ile -ik-. Ni ile ya "kikombe kimevunjika". Unaingia jikoni, mtoto kasimama, vigae viko miguuni pake. Unamuuliza kulikoni. "Kimevunjika." Hajasema uongo hata kidogo, kikombe kweli kimevunjika, ila yeye amejitoa kwenye sentensi. Ndivyo chama kinavyogawanyika, kijiji kinavyogawanyika, taifa linavyogawanyika. Aliyegawanya yuko wapi? Kiswahili hakina uhaba wa njia za kumtaja: kugawanya, kufarakanisha, kufitinisha, kupasua, kusambaratisha. Mwandishi anayekimbilia -ika kila mara ama hajui nani amefanya, ama anajua na ana mke na watoto. Wa kwanza akaulize. Wa pili namwelewa, lakini asiniambie ni sarufi.

Chukua FORD ya Kenya. Ilianzishwa Agosti 1991 kudai vyama vingi, na kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 ilishakuwa vyama viwili: FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura; za Matiba na za Odinga ukizijumlisha zilizidi zake. Wengi huandika "mgawanyiko wa FORD", kana kwamba ni tetemeko lililopita usiku. Ulikuwa mfarakano. Walikuwa wamoja, waligombania nani asimame, wakaachana kwa uchungu, na kila mmoja ana jina. Tena litazame hilo neno "Asili". Anayejiita asili anamwambia mwenzake kwamba wewe ni wa bandia. Vita vya panzi vilianzia kwenye jina, na kunguru alikuwa Ikulu akihesabu.

Kuhusu herufi chache: mfarakano ina tisa, mgawanyiko kumi. Mhariri wako hata kuhesabu hakuhesabu.

Lipi sahihi, mgawanyo au mgawanyiko? (Msomaji, Eldoret)

Yote mawili, kila moja kwake. Mgawanyo ni tendo la kugawanya: mgawanyo wa madaraka baina ya Bunge, Serikali na Mahakama. Mgawanyiko ni hali ya kitu kilichokwisha kugawanyika. Aliyeandika kwamba katiba nzuri huleta "mgawanyiko wa madaraka" ana bahati sikumsahihisha mimi. Mgawo wa umeme ni jambo la tatu, na mnalijua bila msaada wangu.

Ofisini tunabishana kama ni utengano au utangamano. Tahajia ipi ni sanifu? (Karani, Morogoro)

Zote sanifu, ila moja ni adui wa nyingine. Tofauti ni irabu moja, silabi moja na maisha ya watu.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kwenye mkutano wa amani wa wilaya fulani. Nikaketishwa meza kuu, nikageuka kutazama bango lililotundikwa nyuma yetu, herufi za buluu kila moja ukubwa wa mkate: AMANI NA UTENGANO KWA MAENDELEO YETU. Nikamnong'oneza mwenyekiti. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanijibu kwamba ndiyo, fedha za bango zilitengwa mapema. Tulihutubia chini ya bango hilo saa tatu nzima. Watu walipiga makofi. Picha zipo.

Kutangamana ni kuchanganyika na wenzako mkaishi kwa kuelewana. Kenya wana chombo chenye jina hilo, Tume ya Uwiano na Utangamano, iliyotokana na sheria ya 2008 baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo huzungumzia mtangamano wa nchi wanachama, na hao hawahitaji kuelezwa kinyume chake: jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na mkataba wa hii ya sasa ukatiwa saini 1999.

Ukitaka kukumbuka, sikiliza -mana. Kushikamana, kufungamana, kugandamana, kutangamana: vitu vinagusana na kung'ang'aniana. Kutengana hakuna -mana, hakuna kugusana. Na mtego wa tatu upo njiani unakungoja, kutengemaa, yaani kutulia na kuwa sawa. Hali ya mgonjwa imetengemaa. Ukimwandikia daktari kwamba hali "imetengana" atakuja na plasta ya mfupa.

Kama funga huzaa fungua, basi kinyume cha kutenga ni kutengua? (Mwanachuo, Dar es Salaam)

Ingekuwa raha. Fungua hufuta funga, zibua hufuta ziba, tegua hufuta tega. Lakini kutengua hakumrudishi aliyetengwa. Kutengua ni kubatilisha: hukumu imetenguliwa, uteuzi umetenguliwa. Na muache kusema "mkurugenzi katenguliwa". Kinachotenguliwa ni uteuzi wake. Yeye mwenyewe ndipo anapoanza kutengwa. Muulize simu yake inavyonyamaza kuanzia jioni ya tangazo.

Faragha inatokana na faraka, kwa kuwa aliye faragha amejitenga? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Faragha kwa Kiarabu ina herufi ghayn, faraka ina qaf. Ni wageni wawili waliofanana baada ya kufika kinywani mwetu. Jamaa wa kweli wa mfarakano ni mtafaruku, na Furkani, jina la sura ya 25 ya Kurani, kipambanuzi cha haki na batili. Nawaomba mpunguze kuniletea asili za maneno mlizozipata kwa sikio tu. Nami nafanana sana na mzee mmoja wa Korogwe, na hatuna hata mjomba mmoja wa pamoja.

Nimekulia Maskati, nyumbani tukisema Kiswahili cha Unguja. Kwa Kiarabu "fitna" ni hata vita baina ya Waislamu. Bibi yangu akisema "fitina" alikuwa na maana ya jirani mwenye mdomo. Bibi alikosea?

Bibi hakukosea. Neno lilipanda jahazi likiwa kubwa, likashuka dogo na sumu kali zaidi. Katika Kiarabu fitna ni jaribio, mtihani, na machafuko yanayowafarakanisha watu. Wanahistoria huita Fitna ya Kwanza vita vilivyofuata kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656 hadi 661. Lilipofika kwetu likaingia uani. Fitina ya Kiswahili haihitaji majeshi. Inahitaji mtu mmoja, milango miwili na kikombe cha kahawa: kwa huyu anasema yule kasema, kwa yule anasema huyu kasema.

Hapa niseme ambalo hukuuliza. Katika ukoo mzima wa maneno haya, fitina ndilo linalokuja na mtuhumiwa wake mkononi. Ukishasema kuna fitina, umeshasema kuna mfitini. Ndiyo sababu wakubwa wanalipenda. Kibarua akiuliza posho ya mwezi jana iko wapi, analeta fitina. Muumini akiomba kuona hesabu za sadaka, fitina. Mwanakijiji akiuliza kiwanja cha shule kimeuzwa na nani, hiyo fitina kubwa, aitwe kwenye kamati. Wakati huohuo kiwanja chenyewe, mtaambiwa, "kimegawanyika". Mmeona mchezo? Aliyeuliza anapewa neno lenye jina, aliyefanya anapewa neno lisilo na mtu.

Fitina hufanyika nyuma ya mgongo. Kuuliza jambo hadharani, mhusika akiwa amekaa mbele yako, hakuwezi kuwa fitina kwa kamusi yoyote. Wakikuita mfitini kwa kuuliza, wajibu kwa sarufi.

Mume wangu alihamia kwa kaka yake tangu mwezi wa tatu. Mimi nasema tumetengana, mawifi zangu wanasema tumeachana. Nani anajua Kiswahili? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Wewe. Kutengana ni kulala nyumba mbili na ndoa bado ipo. Kuachana ni ndoa kwisha. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inayatofautisha haya: mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana bila kuvunja ndoa, na kwa kawaida anayetaka talaka hutakiwa kupita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Kwa Waislamu nako talaka ina tamko lake na eda yake, haitoki kwa mtu kubeba begi.

Mawifi zako wanaijua tofauti hiyo, dada yangu. Wanaposema mmeachana hawaelezi hali, wanatia nia. Usilichukue neno lao hata kwa mzaha, hasa mbele ya watoto, maana watoto huenda nalo shuleni.

Natafsiri kitabu cha historia ya Afrika Kusini. Mhariri anataka apartheid iwe "utengano", kwa kuwa ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Kiafrikana. (Mtafsiri, Nairobi)

Mhariri wako amelijua neno, historia imempita. Ni kweli kwamba neno hilo ni "hali ya kuwa mbalimbali". Chama cha National kilichoingia madarakani 1948 kililipenda kwa sababu hiyohiyo: linasikika kama mtu anapanga viti sebuleni, kila kimoja mahali pake, hakuna aliyeonewa. Kiswahili hakikuwafanyia hisani hiyo. Redioni na magazetini tulisema ubaguzi wa rangi, na walioutawala tukawaita makaburu. Ubaguzi una mbaguzi na mbaguliwa, huwezi kuutamka bila wawili hao kusimama mbele yako. Utengano hauna mtu.

Familia zilizopakiwa kwenye malori na kuondolewa Sophiatown mwaka 1955 hazikutengana na Johannesburg. Zilifukuzwa, na nyumba zao zikabomolewa. Andika ubaguzi wa rangi. Ukiona lazima wasomaji walijue neno la Kiafrikana, litaje mara moja mwanzoni, kisha urudi kwenye letu. Na mhariri akishikilia, muombe ajaribu kuitafsiri "utumwa" kama "ajira".

Huku wazee husema "wakati Katanga ilipojitenga". Vijana wanaandika "utengano wa Katanga". (Msomaji, Lubumbashi)

Wazee wana sikio. Ile -ji- ndiyo habari yenyewe. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alitangaza kwamba Katanga imejitoa, na hali hiyo ikadumu hadi Januari 1963. "Kujitenga" kunamtaja aliyeamua. "Utengano wa Katanga" unaweza kuwa wa milima.

Lakini hata -ji- nayo huficha. Katanga "ilijitenga" huku imeshikwa mkono na Wabelgiji, na kampuni ya madini ya Union Minière ikiwa pembeni na mfuko wazi. Mtoto anayesaidiwa kupanda mti hatusemi amepanda mwenyewe. Kwa hiyo tumieni neno la wazee, kisha muongeze sentensi moja ya kuwataja waliosukuma.

Wala msidhani kujitenga ni tusi siku zote. Tanzania, ambayo ngao yake ya taifa imeandikwa Uhuru na Umoja, iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968. Mwalimu Nyerere aliona kwamba umoja unaolindwa kwa kuwaua wale unaodai kuwaunganisha hauna cha kulinda. Serikali nyingi za Afrika hazikumfuata. Mimi nadhani alikuwa na hoja, na najua barua zitakuja.

Wakati wa korona tuliambiwa tudumishe "utengano wa kijamii". Kilikuwa Kiswahili? (Muuguzi, Iringa)

Kilikuwa Kiswahili cha aliyechelewa kikao. Kuachiana nafasi ya mita moja kwenye foleni ya duka ni kukaa mbalimbali, basi. Utengano wa kijamii ni kile kinachompata mjane anayenyimwa mashamba na shemeji zake.

Simba na Yanga walifarakana mwaka 1936. Kweli si kweli? (Shabiki, Temeke)

Kweli kwa siku ile. Waliotoka Yanga mwaka mmoja baada ya klabu kuanzishwa walijitenga, na klabu waliyoiunda ndiyo Simba ya leo. Kilichobaki sasa ni utani wa jadi, na watani hutafutana. Waliofarakana kikweli hawaulizani hata matokeo. Sitaji timu yangu.

Kwa nini kwetu Zanzibar hutumika zaidi "mpasuko"? (Msomaji, Wete)

Lilivuma zaidi baada ya Rais Kikwete kulitumia akihutubia Bunge Desemba 2005, aliposema kwamba anasikitishwa na mpasuko wa kisiasa wa Visiwani. Sura yake ni ya nguo, na ndiyo sababu silichukii: nguo ikipasuka kila mtu anakiri ilikuwa moja. Ila nalo ni mtoto wa kupasuka, ndugu wa kuvunjika na kugawanyika, kwa hiyo swali la nani kapasua linabaki kabatini.

Kinachonisumbua zaidi ni vitenzi tunavyolifunga navyo. Nasoma "kutatua mpasuko". Hutatuliwa fumbo. Mpasuko hushonwa, ufa huzibwa, mfarakano husuluhishwa, fitina hufichuliwa.

Nanyi watu wa Visiwani mmetupa somo la maneno ya upande wa pili, ya kuponya. Ulikuwepo muafaka wa 1999 baina ya CCM na CUF, ukavunjika; ukaja muafaka wa 2001, baada ya mauaji ya Januari mwaka huohuo; kisha 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF wakakutana, na lile likaitwa Maridhiano, likazaa kura ya maoni ya Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Halikuwa pambo kubadilisha jina. Muafaka ni kukubaliana juu ya jambo, na unaweza kuufanya na mtu usiyemtaka machoni. Maridhiano yanataka mioyo iridhiane. Kama mioyo ililifuata neno, wewe uliye Wete unajua kuliko mimi niliye Tanga.

Wingi wa utengano ni matengano au tengano?

Hauna wingi, kama umoja usivyokuwa na wingi. Ukitaka vya kuhesabika, hesabu mifarakano, inatosha. Na ni "utengano huu umetuumiza", si "utengano hii imetuumiza". Hili nimelisema mara mbili mwaka huu.

Programu ya simu yangu inaniandikia "ukosefu wa umoja". Kuna kosa gani? (Katibu wa chama cha ushirika, Mbinga)

Kosa la sarufi hakuna. Ukosefu ni wa kitu kilichotakiwa kuwepo kikakosekana, kama dawa zahanati. Lakini watu waliokuwa na umoja wao, akaja mtu akauvunja, kuwaambia wana "ukosefu wa umoja" ni sawa na kwenda kituo cha polisi ukaripoti kwamba nyumba yako ina ukosefu wa televisheni. Utaulizwa kama ulikuwa nayo. Ushirika wenu ulikuwa nao? Basi andika kilichotokea, na nani alishika daftari siku hiyo.

Tunaambiwa "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune". Mbona kama inawatetea wagomvi? (Msomaji, Malindi)

Haiwatetei, inamwonya mtu wa tatu. Wewe uliyekuja mbio kuchukua upande, ndugu wenyewe watapatana jioni na utabaki na maneno uliyoyatoa mchana. Kalime. Angalia pia kwamba methali inasema "wakigombana", haisemi "wakifarakana". Waliogombana bado wanakula sahani moja wakiwa wamenuna. Waliofarakana kila mmoja ana jiko lake, na hapo jembe na kikapu havikusaidii.

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu limekuwa makundi mawili tangu msiba wa babu. Wengine wanasema ni mgawanyiko, wengine utengano. Tuliite nini? (Mjukuu, Arusha)

Nitajie kwanza nani alimtoa nani. Kama mjomba aliondolewa na msimamizi wa kundi usiku wa manane, ametengwa. Kama alitoka mwenyewe kwa hasira, amejitenga. Kama nusu ya ukoo ilimfuata na sasa wanawasema ninyi huko waliko, mmefarakana. Kama kuna shangazi anayebeba picha za mazungumzo kutoka kundi hili kwenda lile, hiyo ni fitina, na nyote mnamjua. Na kama mtarudi kundi moja lakini mkakaa miezi sita hakuna anayeandika isipokuwa "Amina" na picha za maua, huo ndio utengano. Mgawanyiko sitaki kuusikia, mjukuu. Ila uniandikie tena mchango wa harusi ukifika, nijue unapelekwa kundi lipi.